Mchezo Uliomtukana Mfiwa

Jumamosi tarehe 11 Juni 2005, saa tano asubuhi, tulimpoteza karani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja na homa ya siku nne. Pamoja naye tulipoteza mtu pekee katika kundi letu aliyejua ni kwa nini ukibonyeza herufi fulani kwenye kompyuta yetu wachezaji wanaruka. Sisi wengine tulijua tu kwamba wanaruka.

Sikulia. Kutoka hospitalini nilirudi kibandani kwangu, stendi ya Bariadi, nikamalizia redio ya mama mmoja wa Nassa aliyekuwa anawahi basi la saa nane. Nyaya niliziunga vibaya, redio ikawa inakamata kituo kimoja tu cha dini, tena si dini yake. Hakurudi kulalamika. Nadhani alihama dhehebu. Nayaandika haya kwa sababu watu walisema fundi hana uchungu.

Nimesoma mpaka darasa la saba. Ufundi redio nilijifunza kwa kuharibu redio za watu. Marehemu alinizidi: alifika kidato cha pili, akapata kazi ya ukarani wa mizani kwenye kampuni moja ya pamba, zile zilizokuja kwetu baada ya soko kuwa huria. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja na malalamiko ya aina moja. Walipoingia wanunuzi binafsi, malalamiko nayo yakawa ya kila aina, na kila kampuni ikaja na bango lake, mizani yake na makarani wake. Hiyo ya kwake ilikuja na kompyuta pia. Ilikuwa imeletwa kama mitumba inavyoletwa, ikiwa imeshavaliwa na watu wengine mpaka wakachoka. Baada ya misimu michache kampuni ikang'oa bango ikaondoka, na meneja akamwambia karani, "Hiyo chukua au tupa." Akachukua.

Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na programu ya kuandikia programu, na pamoja nayo mfano mmoja: mchezo wa nyoka anayekula matunda. Karani alikaa nao miezi na kamusi yake mapajani, akiufungua tumbo mstari kwa mstari. Siku moja akaniita.

"Fundi, njoo uone."

Nikaona. Matunda yalikuwa yamekuwa ng'ombe. Nyoka alikuwa anapita kiwanjani anameza ng'ombe mmoja mmoja, na kila akimeza anarefuka.

"Ng'ombe wa nani hao?" nikauliza.

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza kwa makini kabisa kama kweli mtu anayecheza angetaka kujua ni ng'ombe wa nani. Nikamwambia kwetu hapa hakuna mtu atakayekubali ng'ombe wasio na mwenyewe. Kesho yake akawagawa: wekundu wa jirani, weupe wa mkwe. Ukimeza wa mkwe mchezo unakwisha. Nadhani kundi letu lilianza hapo.

Tulipata chumba kwenye ghala la zamani la ushirika wa pamba, ambalo lilikuwa limebaki na popo na karatasi za stakabadhi. Mlinzi alituruhusu kwa sababu nilikuwa namtengenezea redio. Wa tatu kujiunga alikuwa dada mmoja anayedarizi vitambaa vya makochi. Alikuja kuuliza kama mimi ndiye niliyekaa na pasi yake miezi miwili. Nilikuwa ndiye. Kabla hajaanza kunisema, akatazama kioo cha kompyuta.

"Si kazi yangu hii?" akasema. "Mnahesabu viboksi. Hiki cheusi, hiki cheupe, viwili vyekundu, unarudi mstari wa chini."

Karani akamwangalia kama mtu aliyeona maji jangwani. Yeye ng'ombe wake walikuwa wanafanana na viatu. Dada akaomba karatasi ya grafu, akakaa kwenye gunia, na jioni alikuwa ametuchorea mcheza ngoma wa miraba kumi na sita kwa ishirini na nne, ana njuga mguuni na unaona kabisa kwamba ni mtu mwenye majivuno. Miaka mitatu tuliyokuwa na karani hakuwahi kugusa kompyuta. Alikuwa analeta karatasi anatukabidhi. "Nimehesabu mara mbili. Likitoka baya, mmelikosea nyie."

Wa nne alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Alikuja kutuonya kwamba michezo inaharibu akili, akakaa miaka mitatu na yeye. Baadaye wakaja wengine, siku nyingine tukafika kumi na wawili, siku nyingine wanne. Mwalimu ndiye aliyekuwa anasema sisi ni wa kwanza Afrika nzima.

"Afrika nzima umeijulia wapi?" karani alimuuliza. "Wewe hata Kiloleli hujafika."

"Nimefika Kiloleli."

"Ulipita. Ulikuwa umelala kwenye basi."

Hakuna aliyetufundisha jinsi kundi la watu linavyotengeneza mchezo wa kompyuta, kwa hiyo tulifanya kama tunavyolima. Kila Jumamosi mchana lilikuwa ni shamba la mtu mmoja. Leo tunafanya wazo la mwalimu, wiki ijayo la dada, wiki ijayo langu. Mnaanza pamoja, mnapumzika pamoja, na hakuna anayeruhusiwa kutangulia mstari. Aliyechelewa anatukanwa mpaka jua lizame, na haruhusiwi kujibu. Mimi nilikuwa nachelewa sana, kwa hiyo matusi mengi ya kundi letu yalitungiwa kwangu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa ngoma. Kila Msukuma anajua mashindano yanavyokwenda: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, watazamaji wako katikati, na kundi linalowavuta wengi ndilo limeshinda. Hakuna refa, hakuna kipenga. Watu wanakwenda wanakopenda. Karani aliyaingiza hayo yote. Ulikuwa unabonyeza herufi hii kundi lako linaviringika chini, hii wanatoa chatu, hii mganga anapita na fisi, na watazamaji wale wadogo, vidoti tu, wanakimbia kulia au kushoto. Ukikimbiwa mpaka na mtu wa mwisho, maandishi yanatokea ya kukutukana. Matusi yalikuwa ishirini na moja, na kompyuta ilikuwa inachagua yenyewe.

Sasa kosa letu. Tulikuwa tunapima mchezo kwa watu waliosimama dirishani. Si ndivyo ngoma inavyopimwa? Jumamosi wakisimama kumi tulijua wazo la wiki hiyo ni baya. Wakijaa mpaka mlinzi analalamika, ni zuri. Kwa hiyo tukaanza kuwapendeza wa dirishani. Wachezaji wa dada wakakuzwa mpaka wanaonekana kutoka barabarani. Mimi nikaunga spika mbili za disko. Mwisho tukaigeuza kompyuta yenyewe, kioo kikatazama dirishani. Anayecheza akawa anakaa ubavuni na kibodi mapajani, haoni kitu. Wa nje ndio wanaoona, na ndio wanaomwambia.

"Kushoto! Wanakimbilia kushoto!"

"Toa chatu!"

"Chatu umeshamtoa, we bwege, toa fisi!"

Tulicheza hivyo mwaka mzima na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona kasoro. Siku moja mwalimu akaleta jamaa yake kutoka Mwanza, mtu aliyesomea kompyuta, aje atuone. Jamaa alizunguka meza mara mbili.

"Mchezaji anaona wapi?"

"Haoni," karani akasema.

"Yaani mmetengeneza mchezo ambao mchezaji wake haoni?"

"Wewe ukicheza ngoma unajiona wapi?"

Jamaa aliondoka na basi la siku hiyo hiyo. Mwalimu alikaa wiki mbili hajaja ghalani. Mimi nilifikiri jamaa alikuwa na haki, lakini sikusema, kwa sababu siku ile dirishani walikuwa wamejaa.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tulipompoteza.

Tulimzika Jumapili, Dutwa, kwa baba yake mkubwa aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Kaburi lilipokuwa tayari, mtani wa ukoo akashuka shimoni, akajilaza, akasema hatoki.

"Unataka nini, wewe mbwa?" wakamuuliza.

"Nataka ile kompyuta yake. Hapa nimefika, na udongo wa Dutwa ni laini."

Watu wakacheka, akapewa kuku, akatoka. Lakini baba mkubwa alikuwa amesikia. Mpaka siku ile hakujua kama mwanawe alikuwa na kompyuta. Jumatatu, tukiwa bado tumekaa kwenye magunia msibani, akatuita sisi watu wa Bariadi. Alikuwa mkulima wa pamba mrefu, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, sauti ndogo kuliko mwili.

"Alhamisi nakuja kuchukua vitu vya mwanangu," akasema. "Kitanda, baiskeli, sanduku, na hiyo televisheni."

"Si televisheni, baba," mwalimu akasema.

"Ni nini?"

"Ni kompyuta. Ni ya kazi. Kundi zima tunaifanyia kazi."

"Kazi gani?"

Mwalimu, ambaye darasani haishiwi maneno, akamtazama dada. Dada akanitazama mimi. Mimi nikatazama mbuzi.

"Mchezo, baba," nikasema.

Akafikiri. "Nitakuja mnionyeshe. Kama ni kazi nitaiacha kwenu. Kama ni mchezo wa watoto nachukua, mimi ndiye mrithi wake."

Lilikuwa neno la haki, hakuna aliyelibishia. Kwenye basi la kurudi mwalimu akasema hata akiichukua si mwisho wa dunia, mchezo wenyewe una nakala kwenye flopi, na flopi ziko kwa fundi. Ikanibidi niseme.

Ni kweli karani alinipa flopi sita nizitunze, akaniambia nikizipoteza atanizika. Niliziweka mahali safi kuliko pote kibandani, ndani ya kasha la spika kubwa, zimeegemea sumaku. Mimi, fundi wa miaka kumi na minne, ambaye spika nazifungua kila siku. Niligundua mwezi wa pili. Zote sita zilikuwa zimefutika, nyeupe pe. Nilikaa na jambo hilo miezi minne nikisubiri siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri haikuja, na sasa alikuwa chini ya udongo wa Dutwa akiamini kwamba zipo.

"Sumaku?" dada akasema.

"Sumaku."

"Wewe ni fundi wa nini hasa?"

Abiria wa siti ya mbele waligeuka kusikiliza jibu. Tukaingia stendi. Pale mwalimu akasema tu, "Kesho saa moja asubuhi. Kila mtu na madaftari yake."

Flopi mpya Bariadi hazikuuzwa, kwa hiyo tuliuandika kwa mkono. Jumanne na Jumatano, mchana kutwa, watu saba. Kioo kilikuwa kinaonyesha mistari michache kwa mara moja, tukaigawa kama matuta: juu mwalimu, chini yake mimi, kisha wengine, na wa mwisho kabisa dada. Wote wakimaliza, tunasogea. Hakuna kutangulia. Umeme wa Bariadi siku hizo ulikuwa unakuja ukijisikia, na ulipokatika tulikaa tumeshika kalamu tukitazama kioo cheusi, halafu tunaanza pale pale.

Ndipo ilipoonekana kwamba dada, asiyejua neno la Kiingereza wala la kompyuta, ndiye pekee asiyekosea. Sisi tulikuwa tunasoma, tunadhani tumeelewa, tunaandika tulichodhani. Yeye alikuwa anadarizi tu. Mabano aliyahesabu.

Kwenye tuta langu yaliangukia matusi. Niliandika ishirini. Moja, la tisa, nililiruka makusudi. Lilikuwa linaanza na "Hata fundi wetu", na maneno yaliyofuata yalinihusu mimi na mke aliyeniacha mwaka ule. Nilikuwa nimeshalisoma mara nyingi kwenye kioo, nikacheka na wenzangu kwa mdomo. Siku ile nikaona ni nafasi. Nikaandika la nane, nikaandika la kumi, na hakuna aliyeona. Leo nikijaribu kulikumbuka lilivyomalizika siwezi. Nakumbuka kwamba lilikuwa kali na kwamba lilikuwa kweli.

Alhamisi saa nne baba mkubwa akafika kwa baiskeli, mipira ya kufungia mizigo imezungushwa kwenye karia.

"Mwangaluka," akatusalimu.

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu, yaani salama tu. "Kiko wapi?"

Tulikuwa tumepanga mwalimu ndiye acheze, mzee akae nje dirishani na watu aone. Alikataa. Alisema hajaendesha baiskeli kutoka Dutwa kuja kusimama nje. Akakaa kwenye kiti cha ubavuni, dada akamwekea kibodi mapajani taratibu kama anampa mtoto mchanga, mwalimu akamwonyesha herufi nne.

"Hii wanaviringika, hii chatu, hii fisi, hii wimbo unabadilika."

"Na anayeamua nani ameshinda?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Waliomo humo ndani, baba. Wadogo wadogo. Wale wa dirishani watakuambia wanaelekea wapi."

Akaitikia kwa kichwa. Kwake jambo lile halikuwa na kasoro yoyote. Baadaye tulisikia kwamba ujana wake alicheza ngoma mpaka Nassa na Magu, na kwamba alikuwa anafungwa mara nyingi.

Nikawasha spika. Watu waliacha walichokuwa wanafanya. Dirisha likajaa kuliko nilivyowahi kuona, wengine wamepanda matofali.

"Kulia, mzee! Kulia!"

"Toa nyoka! Nyoka!"

"Si huyo!"

Alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayeua viroboto. Watazamaji wake walikimbia wote. Dirishani ukapigwa ukelele, halafu kicheko, halafu kicheko kikakatwa ghafla kwa sababu watu waliona kichwa kilichonyolewa wakakumbuka.

"Wanacheka nini?" baba mkubwa akauliza.

Mwalimu akajifanya anasukuma waya wa kibodi.

"Nauliza wanacheka nini."

"Umefungwa, baba," mwalimu akasema.

"Kufungwa hakuchekwi hivyo. Kuna kitu wameona."

Akanitazama mimi. Nilizunguka meza nikasoma kwenye kioo, ingawa nilikuwa najua matusi yote kwa kichwa. Ningeweza kusoma jingine. Yalikuwepo ya heshima kidogo.

"Imeandikwa, 'Unacheza kama mtu anayekanyaga udongo wa kujengea choo.'"

Dada akafunika uso na kitenge. Kwetu babu unaweza kumwambia neno kama hilo na akakujibu, huo ni utani. Baba huwezi. Baba aliyekulea ndiyo kabisa.

"Nani ameandika?"

"Yeye, baba. Mwanao."

"Ameniandikia mimi?"

"Hapana. Anamwandikia yeyote anayefungwa."

"Na mimi nimefungwa."

"Umefungwa, baba."

Akaipangusa kibodi kwa kiganja. Spika zangu zilikuwa zinavuma. Mwalimu alikuwa tayari anafikiria maneno ya kuombea msamaha, nilimwona midomo ikicheza.

"Tena," baba mkubwa akasema.

Akafungwa tena. Safari hii hakuuliza, aligeuka kwangu akasubiri.

"'Miguu hiyo umeazima kwa nani?'"

"Tena."

"'Kundi lako limekimbiwa hata na mbwa wa mganga.'"

"Huyo mbwa yumo?"

"Yumo, baba. Kona ya chini."

"Tena."

Akafungwa mara tisa. Dirishani walikuwa wameacha kuogopa, wanamfokea kama wanavyomfokea mtu yeyote, na yeye anawafokea. "Kushoto gani, nyie? Kushoto kwenu au kwangu?" Dada alikuwa amefunua uso, anacheka na kulia. Mimi nilikuwa nasoma. Kila tusi nililisoma lote, neno kwa neno, na nilikuwa nalisoma kwa sauti ya karani bila kukusudia, maana hayakusomeka kwa sauti nyingine.

Mwisho akaweka kibodi mezani, akafuta jasho la kichwani.

"Miaka ishirini na mbili nimekaa naye," akasema. "Mbele yangu hakuwahi kusema zaidi ya mhola duhu. Nikimuuliza habari, mhola duhu. Nilidhani nimelea mtoto mpole."

"Alikuwa hanyamazi, baba," dada akasema.

"Naona."

Akasimama, akaanza kufungua ile mipira yake. Mwalimu akamkimbilia.

"Baba, ulisema ukiona ni kazi utatuachia."

"Nilisema."

"Na hii si kazi? Si umeona watu?"

"Ni kazi kubwa. Ingekuwa kazi tu ningewaachia." Aliendelea kukunjua mpira. "Huyu ni mtoto wangu anasema. Nitamwachaje hapa ghalani na popo?"

Tulikuwa tumejiandaa tangu Jumatatu kumwonyesha kwamba mchezo wetu ni mzuri. Ungepungua uzuri kidogo angetuachia. Hilo mwalimu analirudia mpaka leo, na mpaka leo sijui kama analalamika au anajisifu.

"Dutwa kwako hakuna umeme, baba," nilimwambia. Nilikuwa natafuta sababu yoyote.

"Mashineni kuna jenereta. Mwenye mashine ya kusaga ni shemeji yangu."

Dada ndiye aliyeifunga. Alivizungushia kioo na kasha la kompyuta vitambaa vyake vya makochi, vile vya kuuza, vinane, akaviweka kwenye karia, na sisi tukashika huku na huku mpaka barabara kuu. Pale baba mkubwa akatuambia turudi, akaondoka akikokota baiskeli kwa miguu, hakupanda.

Jumamosi moja tulikaa ghalani bila kompyuta. Tulikagua madaftari. Ajabu yake ni kwamba kwa kuandika kila mstari kwa mkono, tukabishana juu ya kila mabano, tulianza kuona mchezo unavyokwenda. Mwalimu alionyesha kidole. "Hapa ndipo vidoti vinapoamua." Mimi nikaona pale sauti inapoitwa. Wakati karani yupo hatukuwahi kuhitaji kujua, kwa sababu yeye alikuwa anajua. Jumamosi iliyofuata tukapanda basi la Dutwa, watu watano, kila mtu na daftari lake.

Mashineni palikuwa na foleni ya akina mama na ndoo za mahindi. Kompyuta ilikuwa juu ya debe, imefunikwa kitambaa cha dada dhidi ya unga, kioo kinatazama foleni. Baba mkubwa amekaa ubavuni na kibodi mapajani, nyusi nyeupe kwa unga. Mama mmoja alikuwa anamfokea.

"Fisi! Toa fisi, mzee, mbona unachelewa?"

"Fisi amelala, mayu."

"Mwadila, baba," tukamsalimia.

"Mwadila. Mmekuja kumchukua?"

"Tumekuja kulima," dada akasema.

Akaonyesha magunia, tukakaa. Akatuambia amewahi kuishinda mara moja, Jumatano, lakini siku hiyo kulikuwa na mvua na hakuna aliyekuwepo kuona. Hatukumbishia. Halafu akamwuliza mwalimu kama matusi yanaweza kuongezwa, au ndiyo yameishia pale alipoishia mwenyewe.

Mwalimu akatazama daftari langu, akatafuta mstari, akausimamisha mchezo. Alichukua muda. Akina mama wakaanza kunung'unika. Nilimwona akibadilisha ishirini na moja kuwa ishirini na mbili.

"Niandike nini, baba?"

Baba mkubwa alikuwa nalo tayari. "Andika: 'Wewe ulilelewa na nani, mbona hata kusimama hukufundishwa?'"

Mwalimu akaandika. Mchezo ukagoma mara mbili, dada akasema kuna alama haijafungwa mwishoni, akahesabu kwa kidole hewani, mwalimu akaifunga. Ukawaka. Akina mama wanne walicheza wakafungwa, yakatokea matusi ya zamani. Akacheza baba mkubwa. Foleni nzima ikamwelekeza, kushoto, kulia, nyoka, na watu wake wakamkimbia kama kawaida, na foleni ikapasuka kwa kicheko.

"Limetoka lipi?" akauliza.

"La kwako, baba," nikasema. Nikalisoma.

Mwenye mashine akatoka mlangoni akiuliza ndoo hii ya bluu ni ya nani. Baba mkubwa akavuta miguu yake ili mwenye ndoo apite, akabonyeza kuanza tena.